Mtoto wa Sembe

Zamani za juzi tu, wala si za kale, paliondokea nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina. Ni nchi nzuri. Mimi ni mwananchi wake na ninaipenda, nasema hivyo mapema mtu asije akanisingizia. Viongozi wetu nao wanatupenda sana, na mara nyingi wanatupenda hata kabla hatujaomba.

Basi Waziri wetu wa Familia, Mapumziko na Usafirishaji, Mheshimiwa Mwinyikondo, alisafiri kwenda mkutanoni katika nchi moja ya baridi. Huko, akiwa dirishani mwa hoteli na kikombe chake cha chai, akaona jambo lililomtoa machozi. Bustanini, wanaume wazima na ndevu zao walikuwa wakisukuma vigari vya watoto. Akauliza ni kina nani wale. Akaambiwa ni akina baba walio kwenye likizo ya uzazi. Huko mama na baba hugawana likizo, na hugawana pia msongo wa mawazo unaokuja na mtoto mchanga.

Mheshimiwa hakuuliza zaidi. Hakuuliza wanaume wale walifanya nini kabla ya kutoka nyumbani, wala watafanya nini wakirudi, maana chumba chake kilikuwa na dirisha moja tu na dirisha lilitazama bustani. Akiwa hukohuko, mkewe alijifungua mtoto wao wa tisa. Waziri akatuma pongezi, zikasomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa.

Alipotua uwanja wa ndege alihutubia palepale kwenye ngazi.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka nenda rudi, mama wa nchi hii amebeba peke yake! Amebeba mimba, amebeba kuni, amebeba maji! Leo nasema basi! Kuanzia sasa, baba naye atasukuma!"

Tulipiga vigelegele. Nami nilipiga, na nilipiga kwa moyo wote, kwa sababu nimezaa mara nne na najua kilichokuwa kikisemwa, au nilidhani najua.

*

Sheria ikatoka. Kila baba aliyepata mtoto atapewa likizo mpaka arobaini ya mtoto itimie. Kila asubuhi ataripoti Uwanja wa Taifa, atapewa kigari, na atamsukuma mwanawe kuzunguka uwanja mpaka jioni. Watu walipouliza kwa nini likizo isiliwe nyumbani, Waziri akajibu kwamba likizo isiyoonekana haina tofauti na utoro.

Hapo ndipo pakazuka kasheshe. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini. Hapigwi jua, hapigwi upepo, hapigwi macho ya watu wasiojulikana. Hilo halijaandikwa popote, na ndiyo sababu halijawahi kufutwa. Mabibi wa nchi nzima wakaketi vizingitini, miguu wameinyoosha, wakasema atakayemtoa mtoto atapita juu yao. Serikali yetu haiogopi wapinzani, haiogopi wafadhili, wala haiogopi njaa, lakini siku ile tuliiona ikirudi nyuma.

Ikaundwa Kamati ya Wataalamu. Kamati ikakaa hotelini muda mrefu, ikala vizuri, ikaja na ufumbuzi ambao mpaka leo unasifiwa. Mila iheshimiwe na sheria iheshimiwe. Mtoto abaki ndani, baba aende uwanjani, na ndani ya kigari uwekwe mfuko wa sembe.

Mfuko ulivishwa kofia ya sufu na kufungwa nepi. Ulipewa jina rasmi, Mtoto wa Serikali, na kila baba alikabidhiwa wake kwa kiapo, mkono wa kulia juu ya unga.

Kwa kuwa mabibi walikuwa wamewaudhi wakubwa, kikaongezwa kifungu. Bibi, shangazi au jirani haruhusiwi kuingia katika nyumba yenye baba aliye likizo, asije akampokonya baba huyo nafasi yake ya kulea.

*

Sasa niwaeleze majirani zangu. Nuhu ni fundi wa mafriji, mkewe anaitwa Mboni, nasi tunatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Mboni alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na kicheko cha kupandia juu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na mimi nilikuwa nikikisikia asubuhi najua siku imeanza.

Alipojifungua mtoto wao wa kwanza, wa kike, mama yake alipanda basi kutoka mkoani na kuku wawili, kibunda cha pilipili manga, na mikono yake ya kumkandia mwanawe maji ya moto. Kituoni akapokewa na Afisa wa Mabibi.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa binti yangu, mwanangu. Amejifungua."

"Nyumba ile ina baba aliye likizo."

"Yuko wapi huyo baba?"

"Yuko uwanjani, anamlea mtoto."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Bibi, unaingilia mambo ya kitaalamu."

Akarudishwa kwa basi lilelile. Kuku waliruhusiwa kuendelea na safari, kwa kuwa sheria haikuwataja, na dereva wa teksi ndiye aliyewafikisha, pamoja na kile kibunda cha pilipili.

Mboni akabaki peke yake na kichanga. Mtoto alikuwa hajui kushika titi vizuri, analia, anashika, anaachia, analia tena. Maziwa yakajaa, kifua kikavimba, homa ikaja ikaenda. Mimi niliruhusiwa kufika dirishani tu. Mlangoni aliketi balozi wetu wa nyumba kumi, kwenye kiti cha plastiki, amepewa kazi hiyo na posho. Nilichinja kuku mmoja, nikampitishia supu dirishani. Kicheko hakikusikika tena ukutani kwangu.

*

Uwanjani, kwa upande mwingine, mambo yalikuwa yakinoga. Kiingilio kilikuwa bure. Bendi ya polisi ilipiga, karanga ziliuzwa, na akina baba walizunguka, wanazunguka, bado wanazunguka. Katikati alisimama mwamuzi na filimbi.

"Bembeleza!" anaamuru, na wote wanapigapiga mifuko.

"Nepi!" Wanafungua, wanafunga.

"Cheulisha!" Wanaiweka mifuko begani, wanaipapasa mgongo, na unga kidogo unawamwagikia shati, na watazamaji wanashangilia kwa jinsi walivyo akina baba wa kisasa.

Nuhu alikuwa hodari kuliko wote. Mfuko wake haukuwahi kuanguka. Alipewa utepe wa kijani. Jioni anarudi nyumbani malengelenge mkononi, anaanguka kitandani, na Mboni anamtazama tu, mtoto kifuani.

Msidhani Serikali ilimsahau Mboni. Sheria ilisema msongo nao ugawanywe sawa, na kwa ajili hiyo kulikuwa na Afisa Msongo wa wilaya, Bwana Kilumbi, ambaye siku moja adhuhuri alifika na wasaidizi wawili na dereva. Yeye kifungu hakikumhusu. Aliingia na viatu. Mboni akainuka kitandani, maana alilelewa vizuri, akawapisha wakae.

Nilikuwa nimetoka tu kumpitishia bakuli la supu.

"Aisee, harufu hii!" akasema Bwana Kilumbi. Kwetu mgeni haombi, hunusa. Mboni akawapa bakuli. Likazunguka mikono minne likarudi na mifupa.

"Sasa mama," akasema, akijifuta mdomo, "una msongo kiasi gani?"

"Silali, baba. Mtoto akilala mimi nakaa macho nasikiliza kama anapumua."

"Kutolala ni usingizi. Usingizi uko idara nyingine."

"Maziwa yanaganda, naumwa."

"Maziwa yako Wizara ya Mifugo. Mimi nauliza msongo mtupu."

"Nalia tu, baba. Sijui hata nalia nini."

"Hajui," Bwana Kilumbi akamwambia msaidizi. "Mama hana msongo. Ina maana baba ameuchukua wote. Hongera, mama, umepata mume! Chai ipo?"

Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha. Hasira zilinipanda, ingawa, kama nilivyosema, naipenda nchi yangu.

*

Kesho yake asubuhi ukuta ukaniletea maneno.

"Nuhu, leo usiende."

"Nitaandikwa mtoro, mke wangu. Leo anakuja Waziri mwenyewe. Nimepangwa mstari wa mbele."

"Usiende. Mtoto akilia namtazama kama wa mtu mwingine. Jana nilimlaza pale, nikavaa viatu, nikafika mlangoni. Sikujua naenda wapi. Balozi akaniuliza unatafuta nini, ndipo nikashtuka. Najiogopa, Nuhu."

Halafu nikamsikia Nuhu akisema atarudi mapema, na Mboni akisema uwanja ule hauna mapema.

Nilimwona akitoka. Alifika bombani akasimama, akarudi hatua chache, akasimama tena, kisha akaenda. Nilitamani kumtukana na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Nikamwendea balozi. "Nipishe nikamshike yule mtoto kidogo, mama yake apate usingizi."

"Sheria, Bi Sikujua."

"Sheria inasema ajiue?"

"Haijasema hivyo. Wala haijakataza."

Sikubaki hapo kujibizana. Nikazunguka dirishani. Mtoto alikuwa katikati ya kitanda analia mpaka sauti imekauka. Mboni ameketi ukingoni, mgongo kampa, mikono mapajani, anatazama mlango. Miguuni alikuwa amevaa viatu.

"Mboni! Mboni mwanangu!"

Hakugeuka.

Nina miaka sitini na goti bovu, lakini siku ile nilikimbia.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Waziri alikuwa jukwaani anahutubia, na akina baba wanazunguka chini.

"Mataifa yanatuonea wivu!" alikuwa akisema. "Wao wamegawana likizo wakasahau nidhamu! Sisi hapa, hakuna hata mtoto mmoja anayelia! Sikilizeni utulivu huo!"

Kweli palikuwa na utulivu. Sembe hailii.

Nikajipenyeza mpaka kwenye uzio. Nuhu alikuwa anakuja, mstari wa mbele, utepe kifuani. Nikapaza sauti yote niliyojaliwa.

"Nuhu! Amevaa viatu!"

Watu wakanitazama kama mwendawazimu. Waziri akadhani ni salamu, akanipungia. Ila Nuhu alisimama ghafla, na kigari cha nyuma kikamgonga visigino. Uso wake ulibadilika rangi. Kisha akageuza kigari, akaanza kwenda kinyume cha wenzake, kuelekea langoni, anapishana na vigari, anaomba radhi kwa kila mfuko.

Langoni askari akanyoosha mkono. "Haruhusiwi baba kutoka saa za kulea."

Nuhu alikuwa anahema. Alimtazama askari, akatazama kigari. "Mtoto ana homa, afande. Nampeleka kliniki."

Askari akainama, akaweka kiganja juu ya mfuko uliokuwa juani tangu asubuhi. Akashtuka.

"Kweli amechemka," akasema. "Wahi, ndugu yangu. Mfunike."

Tukakimbia mitaani, yeye na kigari, mimi na goti langu. Mlangoni balozi alinyanyuka kwenye kiti chake cha plastiki kutaka kusema kifungu.

"Mtoto anataka kunyonya," Nuhu akamwambia, akionyesha kofia ya sufu.

Balozi akatazama kofia. Akawaza. "Haya, mama yake yumo ndani," akasema, akasogeza kiti. Alipokuwa akikisogeza nami nikapita, na hakuna aliyeniuliza.

*

Mboni alikuwa amefika mlango wa chumba, mkono juu ya komeo.

"Unakwenda wapi?" Nuhu akamuuliza taratibu.

"Sijui."

"Vua."

Hakuvua. Nuhu akapiga magoti, akamvua viatu mwenyewe, kimoja kimoja, akavitupa uvunguni. Ndipo Mboni akaanza kulia, kilio cha sauti, na mimi nikalia naye kwa kuwa nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyokuwa nimekubali.

Nuhu akamchukua binti yake. Akamshika kama alivyozoea, mkono mmoja chini na mmoja ubavuni, na mtoto akapiga kelele, maana yeye alikuwa na shingo na mfuko haukuwa nayo. "Shika kichwa!" nikamkaripia. Akashika kichwa. Akaanza kutembea, akizunguka chumba ukuta kwa ukuta kama alivyofunzwa, anapima kila hatua, fundi aliyetunukiwa utepe. Mtoto akalia mzunguko wa kwanza na wa pili. Baadaye akawa anakoroma.

Mimi nilichemsha maji, nikamkanda Mboni mgongo na kifua mpaka maziwa yakafunguka. Alilala mchana ule kweupe, mdomo wazi, amelala kama gogo.

Alipoamka alisema neno moja: "Njaa."

Nuhu akafungua kabati. Hakukuwa na unga. Akageuka polepole, akatazama kigari. Nami nikakitazama. Akauvua ule mfuko kofia, akaufungua nepi, akautoboa kwa kisu cha mkate. Uji aliupika yeye, mtoto begani, na pilipili manga alizidisha kwa sababu hakuwahi kuona inatiwa kiasi gani. Ulikuwa na madonge. Mboni alimaliza bakuli akaomba la pili.

Alikuwa kwenye hilo la pili tulipogongewa. Polisi wawili, na balozi nyuma yao.

"Tumeagizwa tumchukue Mtoto wa Serikali," akasema yule mkubwa. "Alitoroshwa uwanjani akiwa mgonjwa. Yuko wapi?"

Nuhu alimhamishia mtoto bega la pili. Mimi nilitazama dari. Mboni akaweka bakuli chini, akajifuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Tumemnywa," akasema.

Polisi akatazama bakuli. Akatazama sufuria. Akavua kofia yake, kama watu wavuavyo msibani. Na Mboni alipoona ile kofia inavuliwa, akacheka. Kilianza kidogo, kikapanda, kikawa kilekile cha kumwagiwa maji ya baridi. Nilikuwa nimekimisi kicheko kile jamani.

*

Kesi ilisikilizwa uwanjani na kurushwa redioni. Nuhu alivuliwa utepe. Alitajwa kwa jina kuwa ni Mtoro wa Uzazi, baba wa kwanza katika historia ya nchi kukimbia malezi. Kigari chake kiliwekwa kwenye jumba la makumbusho.

Waziri mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Tulifikiria jela. Tukaona jela ni rahisi. Tulifikiria kazi ngumu, tukaona uwanjani alishaizoea. Kwa kosa hili, Nuhu utafungiwa ndani ya nyumba yako, wewe na mkeo na kichanga chako, mchana na usiku, mpaka arobaini itimie. Hutatoka. Utasikia kila kilio. Utafua kila nepi. Ni adhabu ambayo mimi, baba wa watoto tisa, sijawahi kuivumilia hata siku moja!"

Umati ukaguna kwa huruma. Nuhu akainamisha kichwa. Waliokuwa mbali walidhani ni majuto.

Na kwa kuwa kifungu cha mabibi kilihusu nyumba yenye baba aliye likizo, na Nuhu hakuwa likizo tena bali mfungwa, mama yake Mboni alipanda basi siku iliyofuata, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Mengine yalikwenda haraka. Asubuhi moja nilipita Wizarani, nikakuta foleni imetoka mlangoni imekata kona. Walikuwa akina baba, kila mmoja na mfuko mtupu wa sembe mkononi, ndevu zina uji. Wamekuja kukiri. Karani aligonga muhuri mpaka jasho likamtoka: amemnywa, kifungo cha nyumbani, amemnywa, kifungo cha nyumbani. Waziri alisikika ofisini kwake akiamuru kwa simu kwamba adhabu iongezwe ukali, kifungo kisiishie arobaini bali mpaka mtoto aanze kutembea.

Mwisho wa foleni alikuwapo mwanamke, kichanga kifuani, arobaini yake imeshatimia. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mkononi naye ana mfuko mtupu. Nilimtambua kwa sababu picha yake hutolewa gazetini sikukuu, amesimama kando ya Mheshimiwa.

"Mama, mwenye kosa ni nani?" karani akamuuliza zamu yake ilipofika.

"Mume wangu. Amemnywa Mtoto wa Serikali. Mimi ndiye shahidi."

"Anapatikana wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa ndani, ule wenye kibao cha shaba. Mlango ukafunguka. Waziri akasimama pale, simu sikioni, akamtazama mkewe, akatazama mfuko, akatazama kile kichanga kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye wa tisa?" akauliza.

Karani, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua, akavuta wino, akagonga muhuri.